Kishamba cha Kulungu Kimegoma: Soma Dalili Kabla ya Kununua Mbegu Nyingine

Nimelelewa Kinangop, Kenya, kwenye viazi na kabichi, katika nchi iliyopiga uwindaji marufuku tangu 1977. Kisha nikaoa katika ukoo wa Pennsylvania, Marekani, wenye ekari 60 za msitu kaskazini mwa jimbo, ardhi ambayo kazi yake mwaka mzima ni kungoja Novemba, mwezi wa kuwinda kulungu. Mwaka wa kwanza baba mkwe alinikabidhi ufunguo wa trekta na mifuko mitatu ya mbegu. "Wewe ndiye mkulima hapa," akasema. Mkulima nikapanda. Yaliyoota yangewatosha mbuzi wa kijiji kizima, ila nilichopanda mimi hakikuwemo, na kulungu walipita kando kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Tuelewane maneno kwanza. Kulungu ninayemsema si pongo wa vichaka vya kwetu. Huyu ni wa ukoo wa ayala wa kwenye Biblia: mkia mweupe upande wa chini, na dume huota pembe na kuziangusha kila mwaka. Kishamba cha malisho ni kipande kidogo, mara nyingi robo ekari hadi ekari mbili, kinacholimwa katikati ya msitu ili wanyama wapate chakula kuanzia Septemba hadi theluji ifunike, na mwindaji apate sababu ya kuketi mahali pamoja. Mbegu za msimu huu ni za makundi matatu: jamii ya kabichi (tanipu, figili, kale), nafaka (oti, ngano, rai), na klova, mmea mfupi wa malisho wa jamii ya kunde, ambao hauna undugu wowote na karafuu. Tarehe nitakazotaja ni za kaskazini mwa Pennsylvania. Aliye Georgia au Alabama asogeze mbele kwa wiki kadhaa.

Kwanza weka kizimba

Kabla hujasoma dalili yoyote, kata waya wa uzio wenye urefu wa mita 4, ukunje uwe duara, usimamishe shambani siku ileile unayopanda, na uukaze kwa vigingi viwili. Urefu wa kwenda juu uwe kama kifua cha mtu. Kulungu hawezi kula kilichomo ndani.

Mwezi mmoja baadaye kizimba kitakuambia jambo ambalo macho peke yake hayawezi. Ndani kukiwa na majani yanayofika gotini na nje kukiwa kama zulia, huna shida ya kilimo. Una midomo mingi kuliko chakula. Ndani na nje kukiwa sawa, na kote kumedumaa, shida iko kwenye udongo, mbegu au mvua. Ndani na nje kukiwa sawa na kote kumestawi, hakuna anayekula, na hilo lina sehemu yake huko chini. Shemeji yangu alikaa miaka miwili akilaani kampuni ya mbegu. Kizimba kimoja kilimwonyesha kwamba mbegu zilikuwa zikiota vizuri na kuliwa kabla hazijafikisha vidole vitatu.

Dalili: wiki mbili zimepita, ardhi bado tupu au ina mabaka

Piga magoti, fukua kwa kisu, tafuta mbegu yenyewe. Ukiikuta ngumu na kavu kama ulivyoimwaga, inangoja mvua, iache. Ukikuta kijichipukizi cheupe kilichojikunja chini ya gamba gumu la udongo, mvua kubwa ilipiga ardhi iliyosagwa mno ikaganda juu, au ulizika mbegu chini sana. Usipokuta kitu, maji yameibeba, au ndege, au koa, yule konokono asiye na gamba.

Kina ndicho kinachotuangusha wengi. Mbegu ya klova au tanipu ni kama chembe ya mchanga. Nusu sentimita ya udongo inaitosha, na hata ikilala juu tu ikakandamizwa itaota. Nafaka zinataka kati ya sentimita 2 na 4. Sasa mtu huchanganya zote kwenye ndoo moja, akazitawanya, kisha akapitisha haro, ile reki kubwa ya trekta. Nafaka hufurahi, klova huzikwa hai. Tawanya nafaka, pitisha haro, shindilia, ndipo utawanye mbegu ndogo, na ushindilie tena.

Kushindilia si mapambo. Udongo uliotoka kulimwa umejaa hewa, na mbegu iliyozungukwa na hewa hainywi maji. Kipimo changu ni kiatu: kanyaga. Kikizama zaidi ya sentimita moja na nusu, bado. Kama huna roli la kushindilia, endesha pikipiki ya magurudumu manne juu ya shamba lote, tairi kwa tairi. Inachosha na inachekesha wanaokutazama, lakini mwaka huohuo utaona mistari ya tairi imeota mimea minene kuliko kwingine, nawe hutahitaji kuelezwa tena.

Halafu soma karatasi iliyoshonwa kwenye mfuko wa mbegu. Sheria ya Marekani inataka ionyeshe asilimia ya mbegu safi, asilimia inayoota, na lini kipimo hicho kilifanyika. Mara nyingi klova huuzwa ikiwa imevikwa unga mweupe, na unga huo unaweza kuwa thuluthi ya uzito au zaidi. Ukipima pauni nane za klova hiyo, unaweza kuwa umepanda pauni tano za mbegu na pauni tatu za vumbi.

Kosa la upande wa pili ni kumwaga nyingi mno. Tanipu zikitoa majani membamba bila kichwa chochote chini, zimebanana. Pauni tano za jamii ya kabichi zinatosha ekari nzima. Mtu aliyezoea kupanda mahindi haamini, anaongeza konzi moja "ya baraka", na baraka hiyo ndiyo inayomponza.

Dalili: imeota, kisha imesimama palepale

Hapa ndipo tutakapokaa, kwa sababu hapa ndipo vishamba vya msituni hufia.

Tazama majani. Ya chini yakigeuka manjano kuanzia ncha huku ya juu yakibaki kijani, mmea unakosa naitrojeni: unahamisha kidogo ulichonacho kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Yakiwa na rangi ya zambarau, mara nyingi ni fosforasi, ingawa baridi ya ghafla pia huleta rangi hiyo. Yakiwa ya manjano mahali maji yanapotuama tu, ni mizizi kukosa hewa, na hakuna mbolea itakayosaidia.

Lakini usikimbilie mbolea. Udongo wa misitu ya kaskazini mwa Pennsylvania una tindikali kali. Si ajabu kupata pH, kipimo cha tindikali ambacho namba ikishuka tindikali hupanda, ya 5 au chini yake. Malisho haya yanataka 6 hadi 7. Hatua moja ya pH si ndogo kama inavyosikika: 5 ina tindikali mara 10 ya 6. Katika udongo wa namna hiyo alumini huyeyuka na kuunguza mizizi, fosforasi hufungwa isipatikane, na bakteria wa mizizi ya klova hawafanyi kazi. Unaweza kumwaga mbolea ya mamia ya dola juu yake na mmea ukaendelea kuwa na njaa, kama mtu aliyewekewa pilau akiwa amefungwa mdomo.

Kwa hiyo pima udongo. Maabara ya Penn State hupokea sampuli kwa posta, na majimbo mengi yana huduma kama hiyo kupitia chuo kikuu chao cha kilimo. Chota sehemu 10 hadi 15 za kishamba, kina cha sentimita 15, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki itaharibu kipimo cha zinki. Jibu litakuja na kiasi cha chokaa ya kilimo unachotakiwa kuweka, na hapo ndipo watu hukaa chini.

Chukua mfano. Karatasi inasema tani 2 kwa ekari, za Kimarekani, yaani pauni 4,000. Chokaa ya punje dukani huja katika mifuko ya pauni 40. Hiyo ni mifuko 100 kwa ekari, au 50 kwa nusu ekari. Baba mkwe, kila mwaka, alikuwa akiweka mitano. Alikuwa na hakika kabisa kwamba "ameshaweka chokaa", na hakuwa anadanganya. Tulipoandika hesabu hiyo nyuma ya kifuniko cha boksi, alinyamaza muda, kisha akauliza kama lori la chokaa ya unga linaweza kupita ile njia ya msituni. Halikuweza. Tulibeba mifuko siku mbili, na mgongo wangu haujasahau.

Chokaa haifanyi kazi wiki hiyohiyo. Ikichanganywa na udongo hukaa miezi sita hata mwaka ili ifanye kazi yote. Ya kishamba cha mwaka ujao iwekwe vuli hii. Kwa mwaka huu, ikiwa pH imegoma, panda rai, inayovumilia tindikali kuliko wenzake wote niliowataja, na usimwage pesa kwenye tanipu.

Kama pH ni nzuri na manjano bado yapo, basi ni naitrojeni kweli. Jamii ya kabichi ni walafi. Sisi wa sukuma wiki tunalijua hilo. Pauni 100 hadi 130 za urea kwa ekari, mimea ikiwa na wiki tatu au nne, majani yakiwa makavu, na mvua ikinukia. Urea ikilala juu ya udongo wa joto bila mvua, sehemu yake inageuka gesi na kupaa. Klova usiiwekee: inajitengenezea naitrojeni yake, mradi mbegu ilipakwa bakteria wake. Bakteria hao ni viumbe hai, na mfuko uliosahaulika Agosti kwenye dashibodi ya gari ni mfuko wa maiti.

Jambo moja la haraka: kishamba kilichozungukwa na miti mirefu na kisichopata jua saa nne hivi kwa siku hakitatibiwa na mbolea. Chukua msumeno, au panda klova na uridhike nayo.

Dalili: jana majani, leo vijiti

Mshukiwa wa kwanza ni kulungu, na kizimba kitamhukumu. Ushahidi mwingine uko kwenye kikonyo. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hunyofoa. Utaona ncha iliyochanika. Sungura hukata kwa mshazari, safi kama kwa kisu.

Kama hata ndani ya kizimba kumeliwa, inama. Matundu madogo ya mviringo kwenye majani ya tanipu changa ni vibawakavu warukao kama viroboto. Mashimo yasiyo na umbo yenye utelezi unaong'aa asubuhi ni koa, hasa ulipopanda bila kulima juu ya mabaki ya nyasi.

Na kama oti au ngano imeliwa hadi chini kwa siku mbili tatu, mpaka ya jirani, mgeni huyo mkulima yeyote wa Kenya na Tanzania anamjua: kiwavijeshi vamizi. Sisi tulimpata 2017, baada ya kuonekana Afrika Magharibi 2016, tukaona mahindi yakitobolewa. Huku Amerika ndiko kwao. Hastahimili majira ya baridi ya kaskazini. Kila mwaka nondo wake hupanda na upepo kutoka Florida na Texas, na miaka mingine hufika wengi mno. Mwaka 2021 walivamia hadi Ohio na Pennsylvania. Nilipomwokota mmoja nikamwonyesha shemeji alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na vidoti vinne vya mraba karibu na mkia, alinitazama kama nimesoma kiganja chake. Mtafute alfajiri au jioni. Akiwa mdogo, dawa inamweza. Akishafikia urefu wa kifundo cha kidole, amebakiza siku chache za kula. Ni heri kungoja amalize na kupanda nafaka upya.

Tukirudi kwa kulungu: kishamba cha robo ekari katika eneo lenye wanyama wengi hakitafika Novemba, hata ukipande kwa dhahabu. Mmoja hula kilo mbili tatu za majani kwa siku; zidisha kwa kundi. Dawa ni tatu: panua eneo, weka uzio wa umeme wa muda hadi Oktoba, au ondoa tanipu na uweke rai, inayochipua tena kila inapong'olewa kidogo. Ya nne ni kupunguza majike kihalali wakati wa msimu. Wazee wengi hawapendi kuisikia, kwa sababu walifunzwa kwamba jike hapigwi risasi.

Dalili: kijani kimejaa, lakini si ulichopanda

Nyasi ndani ya klova huuawa na klethodimu, dawa ya nyasi ambayo haigusi klova. Magugu ya majani mapana ni kazi nyingine, na hapo nina kovu. Dawa inayovumiliwa na klova inaitwa 2,4-DB. Dukani, kwenye rafu ileile, kuna 2,4-D. Mimi niliona D, nikaona inatosha. Wiki moja baadaye magugu yalikuwa yamejikunja, na klova nayo imejikunja pamoja nayo, ekari nzima. Soma herufi ya mwisho, kisha uisome tena ukiwa umevaa miwani.

Mtego wa pili wa majina: rai ya nafaka, ile ya kuokea mkate, si raigrasi. Mifuko hufanana, na muuzaji mwenye haraka atakupa yoyote. Raigrasi itaota haraka, itapendeza, kisha itakaa nawe miaka kama mgeni aliyesema amekuja kulala siku moja.

Ukiona kinyume chake, yaani mimea imekufa au kupauka kwa mstari ulionyooka, uliza nani alilima hapo kabla. Kama mkulima wa kukodi alipanda mahindi na kunyunyiza atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, mabaki yake yanaweza kuunguza oti, klova na jamii ya kabichi msimu huohuo. Jaribio halihitaji maabara: chota udongo huo kwenye kopo, na udongo wa mbali kwenye kopo la pili, panda figili kote, linganisha baada ya wiki mbili.

Dalili: shamba linapendeza, kulungu hawaji

Tembea msituni utazame chini. Mwaloni mweupe ukiwa umemwaga matunda, kulungu watakuwa huko Septemba na Oktoba, na hakuna jani litakalowatoa. Si kosa lako. Matunda yakiisha watarudi.

Kama ni tanipu haziguswi, subiri jalidi, ule weupe unaoganda juu ya majani alfajiri, uliotuunguzia viazi vyetu Kinangop. Kwa tanipu na kale una faida: mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili usigande, na majani huwa matamu. Pia wanyama ambao hawajawahi kuonja mmea fulani wanaweza kuupita mwaka mzima wa kwanza. Ndiyo maana mimi sipandi tanipu peke yake. Nusu ya kishamba huwa nafaka na klova, chakula wanachokijua.

Lakini kama kizimba kinaonyesha wanakula, na kamera inaonyesha wanakuja saa tano za usiku, tatizo ni wewe. Unaingia kwa njia gani? Upepo unapeleka harufu yako wapi? Unaondokaje jioni wakiwa wamesimama shambani? Kwetu jukwaa la kuwindia lilikuwa upande wa magharibi, na upepo wa huku hutoka magharibi mara nyingi. Kila aliyeketi pale alikuwa anawapulizia kulungu habari zake zote. Tulilihamisha mashariki, tukafyeka njia ya nyuma isiyokatiza kishamba, na tukakubaliana kutoketi hapo kila jioni. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko mifuko ya chokaa, kwa sababu kila mpwa anataka zamu yake.

Jambo la sheria, kwa ufupi. Pennsylvania inaruhusu kuwinda juu ya mimea iliyopandwa na kukua hapohapo. Kumwaga mahindi au chumvi ili kuwavuta ni chambo, na ukiacha sehemu chache za kusini-mashariki zenye kanuni zake, ni marufuku kuwinda hapo hadi siku 30 zipite baada ya kuondolewa kabisa. Shamba zuri haliokoi mtu ambaye binamu yake alimwaga debe la mahindi kando yake. Majimbo mengine yana kanuni nyingine; soma za kwako.

Kama umechelewa

Tanipu na kale hupandwa kati ya katikati ya Julai na katikati ya Agosti. Oti na ngano, mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Ukisoma haya tarehe 25 Septemba na kishamba kimekufa kwa sababu yoyote kati ya hizo, usirudie kilichokufa. Nunua pauni 100 za rai kwa kila ekari, ukwangue ardhi, uitawanye kabla ya mvua na uishindilie kwa tairi. Rai huota hata udongo ukiwa na nyuzi chache tu juu ya sifuri. Oti itauawa na baridi kali. Rai itapita chini ya theluji na kuibuka Machi. Msimu wa bunduki hapa hufunguliwa Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, tangu 2019, kwa hiyo una wiki tisa hivi. Na wakati trekta bado iko nje, chukua ile sampuli ya udongo.